Mama Malezi na Mtoto Mwenye Adabu

Kwa miaka mingi pale Ulemo, mtu aliyetaka ushauri wa kulea mtoto hakwenda kwa mwenye watoto. Wenye watoto walikuwa na kazi ya kuwalea, hawakuwa na nafasi ya kuieleza. Alikwenda kwa Evodia, mke wa Laurenti, ambaye hakujaliwa hata mmoja, na kwa hiyo alikuwa amepata muda wa kutosha kulifikiria jambo hilo bila kelele.

Kila palipokuwa na sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, Evodia ndiye aliyepewa kipaza sauti. Alisimama, akafunga kitenge upya kiunoni, akaanza. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto akilia muulize anachotaka, kisha usimpe. Na kubwa kuliko yote, mzazi haombi radhi kwa mtoto, maana siku atakayoomba, mkubwa wa nyumba amebadilika. Kina mama wenye watoto sita, saba, waliokuwa wamewaacha huko nje wakipigana, walitikisa vichwa na kusema kweli, kweli. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Naftali, Mama Yohana. Yeye walimwita Mama Malezi. Jina lilianzishwa kwa kejeli na watu wenye midomo yao, lakini Evodia alilipokea kama cheo, na kejeli ikafa kwa kukosa wa kuudhika.

Haki yake tumpe, kuna viumbe aliowalea wakaleleka. Kuku wake wa kienyeji walijulikana hadi Singida Mjini, na kila siku ya mnada mfanyabiashara mmoja aitwaye Catherine alikuja na kirikuu, kigari chake kidogo cha mizigo, kuwafuata. Evodia alikuwa na ujuzi ambao wengi walijaribu kuuiga wakashindwa. Aliweza kumfanya mtetea akubali vifaranga ambao hakuwatotoa. Mtetea mmoja akifa kwa ugonjwa wa mdondo au akichukuliwa na kicheche, Evodia aliwapaka vifaranga wake majivu, akampaka na mtetea mwingine majivu, akawafunika wote chini ya tenga moja. Giza moja, joto moja, harufu moja, chakula kutoka mkono mmoja. Mtetea angedonoa, vifaranga wangelia, na Evodia angekaa juu ya kigoda akisubiri. Siku akifunua tenga, walitoka mama na watoto, na hakuna aliyekumbuka nani alimzaa nani.

Kwa hiyo yeye na Laurenti walipoamua, wakiwa tayari na mvi zao, kuomba mtoto wa kumlea na hatimaye kumuasili, Evodia hakuwa na wasiwasi wowote. Kwenye kituo cha watoto kule mjini walioneshwa msichana wa darasa la pili aitwaye Jesca. Mlezi wa kituo aliwaita pembeni, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyo ameshachukuliwa na familia mbili, na zote mbili zilimrudisha.

"Kwa kosa gani?" Evodia akauliza.

"Si kosa, mama. Walisema hazoeleki. Unampa moyo, anakupa mgongo."

"Hao walikosa mbinu," Evodia akasema, akageuka kumtafuta Laurenti ili apate wa kukubaliana naye. Laurenti hakusikia. Alikuwa anamtazama mtoto.

Jesca aliiteka Ulemo kwa Jumapili moja. Baada ya ibada alizunguka uwanja wa kanisa akipiga goti mbele ya kila mtu mzima. Shikamoo babu, shikamoo bibi, shikamoo mama. Alimsogezea mzee Antipasi kiti kabla mzee mwenyewe hajajua kwamba amechoka. Alimwambia Esta, mke wa mwinjilisti, kwamba kitenge chake kimempendeza, kisha akapanda mapajani mwake na kujilaza kifuani kama aliyezaliwa hapo. Walikuwa hawajajuana hata kwa muda wa kuchemsha chai. Esta ndiye Mama Naftali, na watoto wake wote walikuwa wameshaondoka nyumbani kutafuta maisha. Alifuta machozi.

"Mama Malezi, umeokota dhahabu," watu wakasema.

Evodia alitabasamu kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba unyenyekevu wake unaonekana.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Mlango ukishafungwa, Jesca aliuvua uso ule kama mtu anavyovua viatu vya kanisani. Hakumsalimu Evodia asubuhi wala jioni. Neno mama, ambalo njiani alilimwaga kwa kila mwanamke aliyebeba ndoo, kwa Evodia halikufika. Evodia aliitwa "wewe". Akiguswa ili asukwe nywele, mwili wote ulikakamaa. Ugali aliubeba akaenda kuulia nyuma ya banda, akiwa amewapa kisogo, na uliobaki aliuficha chini ya godoro mpaka sisimizi wakamwonesha Evodia ulipo. Alisema uongo usio na faida yoyote, akikana kunywa yai huku ute ukiwa bado kidevuni. Na kila alichopewa akaambiwa hiki ni chako, hakikumaliza wiki. Kikombe chenye maua kilivunjika. Gauni jipya lilikutwa limekatwa mikono kwa wembe.

Siku moja alijikata mguu kwa jembe. Damu ilitiririka hadi kisiginoni, naye akaifukia kwa mchanga na kuendelea na mchezo wake. Hakulia, hakumwita mtu. Kwa sheria alizozitangaza Evodia miaka yote, mtoto asiyelia ni ushindi wa mzazi. Sasa alikuwa naye mwenyewe ndani ya ua wake, na alitamani kumsikia akilia hata mara moja tu, kama watoto wengine.

Akaenda kumweleza Esta. Ulikuwa uamuzi mbaya, lakini mtu akizidiwa huenda kwa jirani, na jirani alikuwa Esta.

"Jesca huyu huyu?" Esta akauliza.

"Huyu huyu."

"Jana kaniletea kuni bila kutumwa, akanikumbatia hapo mlangoni." Esta alichagua maneno yake kwa uangalifu wa mtu anayechagua jiwe la kurusha. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada yangu. Na asiyejaliwa halaumiwi. Usijiumize. Ukichoka, sema tu, kwangu vyumba viko wazi. Na Bwana Ustawi nimeshamdokeza."

Bwana Ustawi alikuwa Stanley, kijana afisa ustawi wa jamii kutoka Kiomboi. Mvua zikishakolea angekuja kuwatembelea na kuamua kama Jesca abaki pale moja kwa moja au ahamishiwe kwingine.

Evodia aliondoka bila kuaga. Njiani aligundua mambo mawili, na hakuna lililomfurahisha. La kwanza, kwamba anampenda yule mtoto. Mwongo, mwizi wa mayai, asiyegusika, naye anampenda hivyo hivyo, na akichukuliwa ile nyumba itamshinda kukaa. La pili, kwamba katika yote aliyowahi kuyasema kwenye kipaza sauti, hapakuwa na neno hata moja la kumfanya mtoto akupende. Alikuwa amefundisha namna ya kutiiwa. Na Jesca alikuwa anatii vizuri sana, ila nje ya nyumba yake.

Basi akarudi kwenye ujuzi anaouamini. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka. Evodia alifunga lango la ua wa minyaa kwa mnyororo wa baiskeli, akatangaza utaratibu. Jesca hatakwenda kwa Mama Naftali, wala kisimani, wala kanisani. Wageni watarudishwa langoni kwa heshima zote. Mtoto atakula kutoka mkono wa Evodia, atapakwa mafuta anayopaka Evodia, atafanya kazi ubavuni mwa Evodia, hadi amzoee.

Laurenti aliyasikia hayo akiwa anatia mpini kwenye jembe.

"Evodia, huyu si kifaranga."

"Nani kasema ni kifaranga?"

Laurenti alilitazama lango, akamtazama mkewe, akarudi kwenye mpini wake. Ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba yapo mabishano ambayo mwenye haki ndiye hushindwa.

Siku za mwanzo zilikuwa vita. Jesca alipiga lango mateke, akamwaga maji ya kunywa, akamuuma Evodia kiganjani mpaka alama za meno zikabaki. Evodia alifunga kidonda kwa kitambaa, akasubiri. Mtetea naye hudonoa mwanzoni, alijiambia.

Kisha asubuhi moja, alipokuwa anapuliza moto jikoni, alisikia sauti nyembamba nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

Jesca alikuwa amepiga goti. Uso umeoshwa, mikono imewekwa pamoja mapajani.

"Marahaba, mwanangu," Evodia akajibu, na machozi akayasingizia moshi.

Tangu hapo Jesca alikuwa mtoto wa kuigwa. Alifagia uwanja kabla ya kuambiwa. Alimsogezea Evodia kigoda, akasifu kitenge chake. Alikubali kusukwa, ametulia tuli, na kila mstari ulipokamilika alisema asante mama. Evodia alianza kuimba akiwa anapepeta mtama. Moyoni alikuwa ameshaandaa hotuba mpya kabisa ya sherehe ijayo, yenye mifano hai.

"Msikilize anavyokusalimia," Laurenti akamwambia. "Mimi bado haniamkii kabisa. Wewe anakuamkia vile anavyowaamkia wale wa kanisani."

"Una wivu," Evodia akasema, na kwa ile furaha aliyokuwa nayo akamwongezea mboga.

Siku ya mnada Catherine akaja. Evodia alifungua lango ili kirikuu kiingie, na Jesca akasaidia kufunga kuku miguu na kuwapanga kwenye matenga. Alimwamkia Catherine kwa goti hadi chini, akamwambia kwamba hereni zake zinang'aa. Catherine, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya pili, alimpigia makofi.

"Binti yako ana adabu jamani, Mama Malezi."

"Tunajitahidi," Evodia akasema.

Kirikuu kikaondoka. Evodia alifunga mnyororo, akamwita Jesca waje wafagie manyoya. Aliita tena. Akatazama nyuma ya banda, akatazama jikoni, akatazama chini ya kitanda. Hata ugali wa chini ya godoro haukuwapo. Hapo sauti yake ikabadilika, na Laurenti alipoisikia alitupa jembe shambani akaja mbio, kwa sababu Evodia alikuwa anaita kwa Kinyiramba, na mtoto mwenyewe Kinyiramba hakukijua.

Simu ilitoka Misigiri, kwenye njia ya kwenda Singida. Catherine alikuwa amesimama kuwanywesha kuku maji. Aliinua turubai, na katikati ya matenga akamkuta mtoto ameketi ametulia, kiroba cha nguo mapajani.

"Kaniamkia vizuri tu," Catherine akasema kwenye simu. "Njoo, mama, njoo haraka."

Evodia alikwenda kwa bodaboda ya Gerald, na ndala zake za jikoni. Njia nzima aliomba, na maombi yake hayakuwa na mpangilio wowote. Alipofika alimkuta Jesca kivulini mbele ya duka, kwenye mapaja ya mwenye duka, andazi mkononi, wanawake watatu wakimzunguka na kucheka kwa raha. Jesca alipomwona hakukimbia wala hakuficha uso. Aliteremka, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa sauti ile ile ya kila asubuhi jikoni. Haikupungua wala haikuongezeka. Evodia alisimama pale na mkono kifuani, akajua kwamba Laurenti alikuwa amesema kweli.

Catherine alimvuta nyuma ya kirikuu. Leo hakuwa anacheka.

"Mama Malezi, usimpige."

"Simpigi."

"Kule kwako, tukipanga matenga, kaniuliza kama kwangu kuna kitanda cha ziada. Nikadhani maneno ya kitoto, nikamwambia kipo. Kaniuliza kama huwa nafunga lango mchana. Nikamwambia sina hata lango." Catherine alijifuta uso kwa pindo la khanga. "Halafu hapa, nilipomkuta, kaniuliza nitamrudisha lini. Kwa utaratibu tu, kama mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi. Anasema ajue, ili asitoe nguo zote kwenye kiroba."

Evodia aliegemea kirikuu. Kuku walikuwa wanalia mle ndani, kuku wake mwenyewe. Aliuona uwanja wa kanisa, yale magoti, ule uso mtamu unaopita kwa mtu mmoja baada ya mwingine. Haikuwa adabu. Mtoto alikuwa anabisha hodi. Alikuwa anajiwekea nyumba ya akiba, kwa sababu nyumba aliyomo, kwa yale aliyoyaona maishani mwake, haikuwahi kudumu. Kijiji kizima kilikuwa kimeisifu hofu ya mtoto na kuita malezi bora. Na Evodia, aliyepewa kisogo na kudanganywa, ndiye ambaye Jesca alikuwa ameanza kumwonesha uso wake halisi, mpaka alipochukua mnyororo wa baiskeli. Zile shikamoo za jikoni zilikuwa kwaheri, naye akaziitikia marahaba.

Alirudi kivulini. Akachuchumaa mbele ya Jesca, mbele ya mwenye duka, mbele ya wanawake wale na vijana wa bodaboda.

"Nilikufungia lango," akasema. "Nimekosa. Naomba unisamehe."

Gerald alikuwa amehudhuria sherehe ya kumuaga dada yake na anazijua zile sheria zote. Alizima pikipiki ili asikie vizuri.

"Mimi sikurudishi," Evodia akaendelea. "Ukiuma, sikurudishi. Ukivunja vikombe vyote tutanywea bakuli. Najua huniamini. Usiniamini leo."

Jesca alimkagua kwa macho, polepole, kama mtu anayetafuta ugonjwa kwa kuku wa mnadani.

"Wewe mwongo," akasema, bila goti.

"Haya, panda pikipiki," Evodia akasema, na moyo wake ukatulia kidogo.

Kabla jua halijazama, Ulemo yote ilijua kwamba Mama Malezi amemwomba mtoto radhi hadharani, tena amechuchumaa. Watu walicheka mpaka wakamwonea huruma. Laurenti aling'oa lango, akalifanya mlango wa zizi la mbuzi. Hakusema nilikwambia, jambo ambalo lilimuudhi Evodia kuliko kama angesema.

Tabia njema iliisha siku ile ile. Mayai yakaanza kupotea. Evodia alinunua bakuli lenye mfuniko, akaliweka kando ya kitanda cha Jesca na kumwambia ugali aufiche humo, sisimizi wamechoka kutembea. Hakumlazimisha kusukwa, Jesca alikwenda shule nywele zimesimama, na watu wakasema. Kila alipotoka nyumbani, Evodia alisema anakwenda wapi na atarudi lini, na akarudi vile alivyosema, hata kama ilimbidi kukata mazungumzo matamu katikati. Kila mara mtoto alipopita mlangoni alimwambia, "Mimi nipo jikoni," kuulizwa asiulizwe. Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na methali. Siku nyingine alichoka kweli, akaenda kukaa bandani kwa kuku na kulia, kisha akajifuta na kurudi kusema yupo jikoni.

Mahindi yalipofika kiunoni, kijiji kikaona jambo la kutisha. Jesca aliacha kuamkia watu. Alimpita mzee Antipasi kama anapita mti. Jumapili alisimama nyuma ya kitenge cha Evodia, na Esta alipomfungulia mikono alitazama chini akachora mchanga kwa kidole gumba cha mguu. Kwenye sherehe ya kumuaga binti wa mwalimu, kipaza sauti kilimruka Evodia kikaenda kwa Esta, naye akazungumza vizuri sana kuhusu upole. Evodia alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na Jesca ubavuni mwake akilalamika kwa sauti kwamba pilau limepoa.

"Alipewa malaika," watu wakasema. "Ona alivyomharibu."

Hapo ndipo Stanley alipokuja. Esta naye alitokea, akisema alikuwa anapita tu, na kwa bahati alikuwa amebeba gauni jipya lenye riboni linalomtosha Jesca kabisa. Viti vikawekwa uwanjani. Stanley aliwaamkia wenye nyumba, akaitikiwa, kisha akamgeukia mtoto.

"Jesca, hujambo?"

Jesca alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mguu wa kigoda cha Evodia. Alimtazama Stanley, akatazama pembeni.

"Zamani huyu alikuwa anapiga goti," Esta akasema kwa huzuni. "Mimi mwenyewe shahidi."

Stanley alikuna kidevu. Kule kituoni alizoea kumwona mtoto mchangamfu, wa kuimbia wageni na kuwashika mikono. Huyu alikuwa amenuna, nywele timtim, na magoti yana tope. Alimuuliza kuhusu shule, kimya. Kuhusu marafiki, kimya. Evodia alijua jinsi inavyoonekana. Maneno ya kueleza hakuwa nayo. Yale aliyokuwa nayo aliyatumia yote kwenye sherehe za watu. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya Misigiri, maana siku ile mtoto alikuwa anakimbia, na leo angeweza kuchukuliwa akiwa amekaa.

"Baba, ndivyo alivyo siku zote?" Stanley akamuuliza Laurenti.

"Ndivyo alivyo," Laurenti akasema, ambaye hajui kupamba.

"Niseme ukweli, mama. Ninachokiona hapa kinanipa mashaka. Mtoto huyu alikuwa na furaha."

Esta hakungoja zaidi. "Njoo kwa mama, njoo mpenzi," akasema, akamshika Jesca mkono, akamvuta mapajani kama zamani na kuanza kumvalisha gauni kichwani.

Kilio kilichotoka ndani ya lile gauni kiliwarusha kuku hadi juu ya banda. Jesca alijinyonga, akapiga mateke, akachomoka na riboni zikiwa zimemfunika jicho moja, akamkimbilia Evodia na kumpiga ngumi za mapaja, moja baada ya nyingine, kamasi na machozi vikimtoka pamoja.

"Wewe mama gani?" akapiga kelele. "Mama gani wewe! Unaona wananishika, unakaa tu!"

"Mmesikia?" Esta akasema, mkono kinywani. "Anamfokea mzazi wake mbele ya watu wazima!"

Stanley alikuwa ameshanyanyuka. Alimtazama mtoto. Mkono mmoja ulikuwa unampiga Evodia, na wa pili umekamata kitenge chake kwa nguvu hata kinataka kufunguka. Akakaa tena.

"Huwa analia hivi?"

"Hajawahi kulia," Laurenti akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

Evodia hakusikia walichokuwa wanasema. Alikuwa amepiga magoti, anatoa zile riboni kwenye nywele za mtoto.

"Nimechelewa," alikuwa anasema. "Ni kweli, nimechelewa. Nilitakiwa ninyanyuke. Nisamehe."

"Kila siku nisamehe, nisamehe!"

"Kila siku, ndiyo."

"Huyu simhamishi," Stanley akamwambia Laurenti kwa sauti ya chini, akachukua kofia yake. "Kesi ya kumuasili tutaipeleka mahakamani."

"Pamoja na utovu wote huu?" Esta akauliza. "Si mnaona ameharibika?"

"Ameharibika, Mama Naftali," Evodia akasema kutoka pale chini, na uso wake ulikuwa umelowa na unang'aa. "Ameharibika kabisa."

Stanley aliaga. Jesca hakumwitikia, alikuwa bado hajamaliza kumgombeza mama yake.